Nani alipie maandalizi ya bomba jipya la maji Pwani? Mifuko mitano ikilinganishwa

Mombasa haina mto wake. Maji ya mfereji yanayofika mjini hutoka kaunti za jirani: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka kisiwani; visima vya Baricho kando ya mto Sabaki huko Kilifi; chemchemi za Marere kwenye milima ya Shimba; na visima vya Tiwi, Kwale. Vyote vikijumlishwa, mji hupata chini ya theluthi ya maji unayohitaji. Pengo hujazwa na visima vya chumvi chumvi, maboza na mikokoteni ya mitungi.

Kwa hiyo bomba lolote jipya litagusa kaunti mbili, tatu au nne. Ugomvi wa kwanza huwa ni wa makaratasi: nani alipie upembuzi, upimaji wa ardhi, uchunguzi wa udongo, usanifu, ripoti ya mazingira na orodha ya watakaofidiwa? Mifuko iko mitano, na inatofautiana kwa kasi, kwa masharti, na zaidi ya yote kwa jibu ambalo kila mmoja hupenda kusikia.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Hatua za mwanzo, zile zinazoamua kama bomba ndilo dawa au la, zilipiwe na pesa isiyo na faida katika jibu. Pesa za wengine ziingie baadaye, swali hilo likishafungwa.

Kinacholipiwa hasa

Kanuni za Usimamizi wa Uwekezaji wa Umma za 2022 zinataka mradi upande ngazi: andiko la dhana (maelezo mafupi ya wazo), upembuzi wa awali (kulinganisha njia zilizopo), kisha upembuzi yakinifu (uchunguzi wa kina wa kama mradi unafaa), ndipo uombewe pesa za ujenzi. Juu ya hapo kuna usanifu wa kina, nyaraka za zabuni, tathmini ya athari kwa mazingira na jamii inayopelekwa NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), kibali cha kuchota maji kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mpango wa fidia. Kadirio wanaloanzia wahandisi wengi ni kwamba maandalizi yote hula kati ya asilimia 5 na 10 ya gharama ya ujenzi. Sehemu kubwa ya pesa hiyo huenda kwenye usanifu wa kina, upimaji na uchimbaji wa mashimo ya kuchunguza udongo. Andiko la dhana na upembuzi wa awali ni sehemu ndogo sana, lakini ndimo uamuzi mkubwa unamofanyika.

Chukua mfano wa bomba la mita za ujazo 100,000 kwa siku. Hizo ni lita 1,157 kwa sekunde. Maji yakienda kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, kipenyo kinachohitajika ni takribani milimita 1,000. Msuguano peke yake utakula kama mita 1.6 za shinikizo (sawa na kuyainua maji kimo hicho) kwa kila kilomita, yaani mita 160 hivi kwa kilomita 100, hata ardhi ikiwa tambarare. Na kila mita 100 za kusukuma maji hula takribani uniti 0.4 za umeme kwa mita moja ya ujazo, pampu zikiwa na ufanisi wa asilimia 70. Mzima hushuka kwa mteremko bila pampu. Baricho husukumwa kwa umeme, na bili huja kila mwezi. Hesabu hii ya kurasa mbili huonyesha mapema ni njia zipi za bomba hazitaweza kujilipia umeme wake, na haihitaji mfadhili yeyote: mhandisi mmoja wa kaunti mwenye ramani ya miinuko anaimaliza ndani ya wiki.

Mfuko wa kwanza: kaunti kuchanga

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi, na ibara ya 189 inaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati au mamlaka ya pamoja. Pwani ina Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti sita: Mombasa, Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Mlango wa kisheria basi uko wazi. Kazi iko kwenye kalenda na kwenye mgao.

Tuanze na kalenda. Mradi lazima uwe ndani ya mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa kila kaunti, kwa kuwa Sheria ya Serikali za Kaunti hairuhusu pesa za umma kutengwa nje ya mipango. Kisha uingie mpango wa mwaka, unaofikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, uonekane kwenye waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na uwe kwenye makadirio kufikia Aprili 30. Kaunti tatu zikikamilisha na ya nne ikikosa Septemba 1, mwaka mzima umepotea kwa wote, kwa sababu hakuna mhandisi mshauri atakayesaini mkataba wenye robo ya pesa isiyokuwepo. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa wanahitajika magavana wanne na mabunge manne.

Mgao ndio unaovunja vikao. Wengi hukimbilia idadi ya watu kwa sababu takwimu zipo. Kwa sensa ya 2019, Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, Kilifi 1,453,787, Kwale 866,820 na Taita Taveta 340,671. Tuseme upembuzi ni wa shilingi milioni 120. Kwa idadi ya watu, Kilifi italipa takribani milioni 45 na Mombasa milioni 37.5, ilhali bomba linapitisha maji kutoka ardhi ya Kilifi kwenda Mombasa! Mwakilishi wadi wa Kilifi akipitisha hiyo, ajue cha kuwaambia watu wake.

Njia ya haki zaidi ni kugawana kwa kiasi cha maji ambacho kila kaunti inajifunga kununua. Kama Mombasa inataka mita za ujazo 60,000 kati ya 100,000, Kilifi 20,000, Kwale 12,000 na Taita Taveta 8,000, basi michango ni milioni 72, 24, 14.4 na 9.6. Faida nyingine ya njia hii ni kwamba kaunti inayotaja kiasi kikubwa cha maji kwa kujionyesha italazimika kukilipia, kwa hiyo makadirio ya mahitaji hupungua na kukaribia ukweli.

Uzuri wa pesa hii ni kwamba haina riba, na data hubaki nyumbani. Ubaya ni kwamba inafika kwa vipande. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na pesa ambayo haijatumika hurudi kwenye mfuko wa mapato wa kaunti. Kwa mkataba wa miezi 18 lazima kila bajeti inayofuata ibebe sehemu iliyobaki, la sivyo mshauri anaingia kwenye foleni ya madeni. Kukopa ili kuziba pengo si rahisi: ibara ya 212 inataka dhamana ya serikali kuu pamoja na idhini ya bunge la kaunti.

Tunaupendekeza mfuko huu kwa andiko la dhana, upembuzi wa awali na vipimo vya maji. Hautoshi kubeba usanifu wa kina wa bomba la kilomita 200, na kujaribu hivyo ni kualika mradi ukwame katikati.

Mfuko wa pili: serikali kuu kupitia CWWDA

CWWDA (Coast Water Works Development Agency) ni wakala wa serikali kuu unaojenga miundombinu mikubwa ya maji Pwani na kuuzia kampuni za kaunti maji kwa jumla. Ndio wenye visima vya Baricho na bomba la Mzima mikononi. Pesa ikipitia kwao, mkataba unakuwa mmoja, kitengo cha ununuzi kinakuwa kimoja, na wahandisi wanaojua kila vali ya mfumo wa sasa wako ofisini. Kwa kasi ya kuanza, mfuko huu unaushinda ule wa kaunti.

Tatizo lake ni la pande mbili. Pesa za maendeleo za serikali kuu ndizo huwa za kwanza kukatwa bajeti ya nyongeza inapokuja, na upembuzi hauna picha ya kuzindua wala utepe wa kukata, kwa hiyo hupungukiwa watetezi. Pili, kaunti huletewa ripoti iliyokwisha kuandikwa. Kilifi na Taita Taveta zimelalamika kwa miaka kwamba maji yanapita kwao kwenda Mombasa huku vijiji vilivyo kando ya bomba vikikaa na kiu. Ukipanga bomba jipya bila viungio vya vijiji kwenye hadidu za rejea (maelekezo ya kazi anayopewa mshauri), utavipata baadaye kwa njia ya bomba kutobolewa usiku. Gharama ya kiungio chenye mita kila baada ya kilomita chache ni ndogo ikiwa kwenye usanifu, na ni kubwa ikija baada ya vyuma kuzikwa.

Ukichagua mfuko huu, dai vitu viwili kwa maandishi: wahandisi wa kila kaunti wawe kwenye kamati ya kuthamini zabuni za mshauri, na mkataba wa nani atamiliki bomba likikamilika uandikwe kabla ya usanifu. Sheria ya Maji ya 2016 inasema mfumo ukishazinduliwa hukabidhiwa kaunti, au kamati ya pamoja kama unavuka mipaka. Kabla hiyo kamati haijaundwa, hakuna wa kukabidhiwa.

Mfuko wa tatu na wa nne: wafadhili, na tofauti inayosahaulika

Kuna ruzuku na kuna malipo ya awali ya mkopo. Kwenye vikao vyote viwili huitwa «pesa za wafadhili», na hapo ndipo kaunti huumia.

Ruzuku hairudishwi. Mfuko wa Maji wa Afrika, ulio chini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, hutoa ruzuku za kuandaa miradi ya maji. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi nao una dirisha la maandalizi lenye kikomo cha dola milioni 1.5 kwa ombi, lakini huwezi kubisha hodi moja kwa moja: lazima upite kwa taasisi iliyoidhinishwa. Nchini Kenya NEMA ni mojawapo, ingawa idhini yake ni ya miradi midogo, isiyozidi dola milioni 10, kwa hiyo bomba kubwa litahitaji taasisi ya kimataifa. Tena lazima uthibitishe kwamba mradi unahusu tabianchi, na «mji una kiu» hakutoshi. Unahitaji rekodi za mtiririko wa chanzo zinazoonyesha ukame na mafuriko yanavyobadilika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kaunti isiyo na rekodi za miaka kadhaa hukataliwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Ruzuku huchelewa. Kati ya barua ya kwanza na mshauri kuingia uwanjani, mwaka mmoja na nusu si jambo la kushangaza. Wengi hutaka pia mchango wa mwombaji, na hapo zile milioni chache za kaunti zinafaa sana kama mchango huo.

Malipo ya awali ya mkopo ni kitu kingine kabisa. Benki ya Dunia, kwa mfano, hutoa pesa za maandalizi ambazo hulipwa kutoka kwenye mkopo wa ujenzi ukishaanza kufanya kazi. Pesa inakuja haraka, wataalamu wa benki wanakuja nayo, na viwango vya mazingira na fidia vinafuatwa tangu mwanzo. Bwawa la Mwache, Kwale, lililosanifiwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, linajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ila mkopo wa ujenzi usipopatikana, malipo ya awali hubaki kuwa deni. Na hakuna benki iliyotoa pesa za kuandaa mkopo ambayo hufurahia ripoti inayosema mkopo hauhitajiki.

Mfano wa ripoti ya namna hiyo ni rahisi kuona. Maji yanayozalishwa Kenya na kutoleta mapato, kwa kuvuja, kuibwa au kutosomwa mita, yamekuwa yakizunguka asilimia 45. Ukileta mita za ujazo 100,000 mpya kwenye mabomba ya mtaani yenye hasara hiyo, mita 45,000 zinakwenda ardhini au kwa wasiolipa. Upembuzi wa awali lazima uulize: kushusha hasara kutoka asilimia 45 hadi 25 kutagharimu kiasi gani kwa kila mita ya ujazo inayookolewa, na bomba jipya kiasi gani? Mara nyingi jibu la kweli ni yote mawili, lakini kwa mpangilio wa nani aanze. Swali hili liulizwe na pesa ya kaunti.

Mfuko wa tano: mwekezaji aje na upembuzi wake

Sheria ya Ubia kati ya Umma na Sekta Binafsi ya 2021 inamruhusu mwekezaji kuleta pendekezo lake mwenyewe na kulipia upembuzi. Kwa kaunti yenye mfuko mtupu inaonekana kama zawadi. Si zawadi: gharama ya upembuzi huingizwa kwenye bei ya maji, na mkataba wa miaka 20 au zaidi huifanya kaunti ilipe kiasi cha chini cha maji kila mwezi, yawe yameuzwa au hayajauzwa.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mwekezaji anakuja na jibu tayari. Anayeuza mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hatalinganisha na bomba kwa haki. Linganisha mwenyewe: mtambo wa utando, unaochuja chumvi kwa shinikizo, hula takribani uniti 3 hadi 4 kwa mita ya ujazo, ilhali bomba lenye jumla ya mita 400 za kusukuma hula kama uniti 1.6. Kwa upande mwingine, mtambo hauhitaji kilomita 200 za fidia na hautegemei mvua. Hesabu inaweza kwenda huku au kule kutegemea bei ya umeme na mteremko wa njia, na ndiyo maana asiifanye muuzaji.

Serikali pia ina mfuko wa kuwezesha miradi ya ubia, unaoweza kulipia washauri wa upande wa umma. Kama ni lazima kwenda njia ya ubia, ombeni huo kwanza.

Mfuko wa Udhamini wa Sekta ya Maji na Mfuko wa Usawazishaji hutajwa sana, lakini yote miwili inalenga maeneo yaliyoachwa nyuma. Inafaa kwa viungio vya vijiji vya Ganze au Kinango, si kwa bomba kuu.

Kwa mtazamo mmoja

| Mfuko | Lipia nao | Hukwama wapi |
|---|---|---|
| Kaunti kwa pamoja | Dhana, upembuzi wa awali, vipimo vya maji | Mabunge manne, Juni 30 |
| Serikali kuu, CWWDA | Upembuzi yakinifu, haki ya njia (ya kupitisha bomba kwenye ardhi) | Bajeti ya nyongeza |
| Ruzuku | Upembuzi yakinifu, mazingira na jamii | Muda mrefu, rekodi za chanzo |
| Malipo ya awali ya mkopo | Usanifu wa kina, nyaraka za zabuni | Hugeuka deni |
| Mwekezaji | Mradi ambao umma umeshauamua | Jibu huja kabla ya swali |

Msimu na mwaka wa fedha havielewani

Hili halimo kwenye miongozo mingi, na linaharibu kazi bila kujali mfuko. Kipimo muhimu kuliko vyote ni mtiririko wa chanzo wakati maji yako chini kabisa, yaani mwisho wa kaskazi, Februari na Machi kabla ya masika. Bajeti inaanza Julai. Pesa ikifika Oktoba, na ununuzi wa mshauri ukachukua miezi sita, mkataba unasainiwa Aprili, mvua ikiwa imeshaanza. Mshauri atapima mto uliojaa, au atasubiri karibu mwaka, au, mbaya zaidi, atakisia.

Dawa yake ni kutenganisha vipimo na mkataba mkuu. Kaunti iweke vipima-kina na msomaji wa kila siku kwa pesa ndogo ya bajeti ya kawaida, miaka miwili kabla ya kumtafuta mshauri. Kwa visima, jaribio la kusukuma kwa saa 72 mfululizo lifanywe kipindi hicho hicho cha kiangazi; jaribio la masika hudanganya. Kisima kilicho karibu na bahari kipimwe pia chumvi kila saa chache wakati wa jaribio, kwa sababu maji yanaweza kuanza matamu na kumaliza yakiwa yamevuta bahari.

Mambo ya kuandika kwenye mkataba, pesa ikitoka popote

Hadidu za rejea zifuate viwango vya mazingira na jamii vya benki kubwa hata kama mlipaji ni kaunti. Vinginevyo benki itakayokuja kufadhili ujenzi itataka kazi irudiwe. Orodha ya watakaofidiwa isifanywe mapema mno: mradi ukikaa miaka mitatu bila pesa, nyumba mpya zimeota kwenye njia na orodha nzima haina maana. Ifanywe pamoja na usanifu wa kina, wala si wakati wa upembuzi.

Udongo wa ukanda wa pwani upimwe ukali wake kwa chuma kwenye njia yote, hasa sehemu za chumvi karibu na hori. Bomba la chuma lisilokingwa hapo hutoboka kabla ya deni lake kuisha. Usanifu uonyeshe vali za kutoa hewa kwenye kila kilele na vali za kusafishia kwenye kila bonde, na uwe na hesabu ya kishindo cha maji (pigo la shinikizo ndani ya bomba) umeme unapokatika ghafla, jambo ambalo pampu za huku hulijua vizuri. Kila mpaka wa kaunti uwe na mita inayosomeka na pande zote mbili.

Malipo ya mshauri yafuate kazi iliyopokelewa, si miezi iliyopita. Asilimia 20 ya mwisho ishikwe hadi akabidhi faili ghafi: vipimo vya ardhi, data za visima na modeli ya mtiririko katika muundo unaofunguka, pamoja na kifungu kinachosema ni mali ya kaunti zote zilizochanga. Ukipewa ripoti ya karatasi peke yake, mshauri wa pili ataanza kupima upya kutoka kilomita ya kwanza, na mtalipa mara mbili.